Utando Chini ya Yakuti

Mwezi wa tano, tarehe 2

Gundi haikauki. Niliipaka jana asubuhi, na leo ukiigusa inavutika kama kamasi za mtoto. Mvua za plamu zimeingia. Kila mwaka plamu zikianza kugeuka njano, Suzhou nzima inaota ukungu: viatu, mito, vitabu, mpaka mkanda wa ngozi wa gurudumu la kung'arishia. Wifi yangu Qiaoyun anasema hata mimi nimeanza kuota. Nimemwambia ajikague yeye kwanza, maana ndiye asiyetoka kitandani.

Daftari hili lilikuwa la michoro ya marehemu baba. Kurasa nyingi zimebaki tupu, na mimi ni mjane wa miaka thelathini na sita ninayeishi kwa kaka, sina wa kuzungumza naye. Basi nitaandika.

Tarehe 3

Mvua.

Tarehe 5

Sikukuu ya mashua. Tumekula wali uliofungwa kwa majani, na Qiaoyun kafunga wake vibaya ukamwagika wote sufuriani. Alasiri kaka yangu Bohai aliniita chumbani kwake, akafungua kasha, akanionyesha tena lile bakuli la zamani la Hindustani, mali ya Bwana Xiang, tajiri wa chumvi wa Yangzhou. Jiwe la jade jeupe, jembamba hivi kwamba ukiweka mkono nyuma yake unahesabu vidole vyako. Maua ya lotusi yamechorwa kwa dhahabu, na katikati ya kila ua yakuti nyekundu inawaka.

Bwana Xiang anataka pacha wake, kwa ajili ya mama yake atakayetimiza miaka themanini. Mwaka juzi tulimtengenezea sahani, vito tukavishika kwa gundi ya samaki kama tunavyofanya siku zote, na mvua za plamu zilipokuja, viwili vikaangukia kwenye supu ya huyo mama. Alikaribia kukimeza kimoja. Mtaa mzima wa mafundi wa jade ulitucheka mwaka mzima.

"Safari hii vikianguka," alisema kaka, "mimi na wewe tutauza maharage."

"Havitaanguka. Fundi Mirak yupo."

"Ndiyo," alisema, akafunga kasha. "Yupo."

Tarehe 8

Niandike kuhusu Mirak, maana bila yeye hakuna la kuandika.

Ni mtu wa Lahore. Alifika Yarkand, mji wa mbali magharibi, na msafara wa wauza mawe, na wafanyabiashara wa Yarkand wakamleta huku kwa ngamia kisha kwa mashua majira ya baridi yaliyopita. Kaka alijitolea kuwa mdhamini wake, kwa hiyo hati yake ya safari iko kwenye kasha la kaka. Mgeni bila hati havuki lango lolote. Wale wa Yarkand wanaondoka tarehe kumi ya mwezi wa sita, naye lazima aondoke nao, la sivyo atangoja mwaka mwingine. Ana mke huko. Hajamwona kwa miaka minne. Mirak humtaja huyo mke kila siku, hasa chakula kinapokuwa kibaya, na kwetu chakula ni kibaya kila siku.

Mapatano ni haya: yeye ananifundisha kushika vito kwa dhahabu bila gundi, mimi namfundisha mng'aro wetu. Kwao jade hung'ara kama maji. Kwetu inang'ara kwa ndani, kama mafuta ya nguruwe yaliyoganda. Nilipomwambia hivyo alitoa macho.

"Dada Gu, tafuta mfano mwingine. Mimi ni Mwislamu."

"Basi kama mafuta ya kondoo."

"Hapo sawa. Hapo nimeelewa."

Tarehe 9

Mvua. Nyoka wawili jikoni. Qiaoyun kapanda juu ya meza na kupiga kelele hadi majirani wakaja.

Tarehe 11

Leo nimeshika kito cha kwanza peke yangu!

Dhahabu yao ni safi kabisa, haijachanganywa na kitu, imepondwa mpaka ikawa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Unaikata vipande vidogo, unavisukuma kuzunguka kito kwa ncha ya chuma, tabaka juu ya tabaka, na dhahabu inajishika yenyewe kwa yenyewe, baridi, bila moto, bila gundi. Mvua inyeshe mwezi mzima, haijali. Nilipomaliza nililigeuza bakuli letu jipya juu chini nikalipiga kofi. Kito kikabaki pale pale. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Mirak alitazama kwa lenzi yake muda mrefu. "Ukingo huu umeinuka kidogo. Huu uko sawa. Huu... huu nisingeufanya vizuri zaidi mimi."

Sijawahi kuambiwa hivyo. Baba alikuwa akisema tu "haya, endelea."

Kitu kimoja kinanikera. Kabla hajaweka kito kwenye shimo lake, hugeuka akanipa mgongo. Kidogo tu, kama mtu anayepangusa pua. Anafanya jambo, halafu anageuka, kito kimeshakaa, ananiachia dhahabu. Nimemuuliza ni nini.

"Hiyo ya siku ya mwisho," alisema. "Kwetu mwalimu hubakiza jambo moja. Mwanafunzi anapewa siku wanapoagana. Baba yangu alinifanyia hivyo, na mimi nilimchukia miaka sita."

"Kwa hiyo nami nikuchukie?"

"Ukitaka. Lakini dhahabu isukume."

Tarehe 13

Yakuti kumi na tisa zimekaa. Zimebaki ishirini na tatu. Mvua haijaacha hata saa moja.

Tarehe 14

Kaka kaja kibandani tunapofanyia kazi, Mirak akiwa nje. Akachukua kijaluba cha yakuti ambazo bado hazijawekwa, akanimwagia mbili kiganjani.

"Zina rangi gani hizi?"

"Nyekundu."

"Tazama vizuri, mdogo wangu."

Nilitazama. Zilikuwa za waridi tu, zimepauka, kama maji uliyosuuzia bakuli la matunda. Halafu akanielekeza kwenye bakuli. Zile zilizokwisha kuwekwa zilikuwa nyekundu kama damu.

"Mawe yote yalitoka kwenye kijaluba kimoja," alisema. "Nilimpa mimi kwa mkono wangu. Sasa niambie, yamebadilikaje rangi yakiwa mgongoni kwake?"

Yeye hakungoja jibu. Alikwenda zake akipiga mluzi.

Tarehe 15

Sikulala vizuri. Sitaki kuandika ninachofikiri.

Mirak kaniuliza kama ninaumwa. Nimesema tumbo. Kanichemshia tangawizi, nami nimeinywa huku namtazama mikono.

Tarehe 16, Ijumaa

Kila Ijumaa mchana Mirak huenda msikitini. Leo alipotoka tu nilivuta kiti, nikaweka bakuli mbele yangu, nikachukua ncha ya chuma. Nilichagua yakuti ya ua la tatu, ile niliyoishika kwa dhahabu mimi mwenyewe, ili kama nikiharibu niharibu ya kwangu. Nilianza kuinua ukingo wa dhahabu kidogo kidogo, kuzunguka, bila kugusa jade. Inachukua muda kuliko kushika. Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyusi.

Kito kilitoka. Chini yake palikuwa na utando wa fedha, mwembamba kupita kiasi, umepakwa rangi nyekundu.

Nililiweka lile jiwe mezani peke yake. Rangi ya waridi. Jiwe la bei poa. Nikalirudisha juu ya utando: damu.

Ndiyo maana alikuwa ananipa mgongo! Siku ya mwisho, baba yake, miaka sita, maneno matamu yote yale! Kwetu hapa mtaani fundi anayeweka rangi chini ya kito anajulikana jina lake, na jina lake ni mwizi. Mzee Chen wa daraja la pili alifukuzwa kwa kupaka rangi chini ya zumaridi, na mpaka leo wanawe hawapati wachumba. Na mimi nimekaa na mtu huyu miezi mitano, nimempa mng'aro wa baba yangu, siri ambayo hata mume wangu sikumpa, nikacheka utani wake, nikanywa tangawizi yake. Ananiona mjinga. Alikuwa anaiba mbele ya pua yangu na kunisifu kwa ukingo wa dhahabu ili nisinyanyue kichwa.

Nimelia. Naandika hapa kwamba nimelia, kwa hasira.

Tarehe 17

Nimemwambia kaka. Hakushangaa vya kutosha. Alisema, "Umefanya vizuri sana, Shouzhen," akanishika bega. Hajanishika bega tangu tulipomzika baba.

Tarehe 18, 19

Mvua. Mirak kafungiwa chumba cha nyuma. Qiaoyun anampelekea uji na kurudi akisema, "Yule ndevu anakuuliza wewe tu." Nimemwambia asiniletee salamu za mwizi.

Tarehe 20

Leo chama cha mafundi kimekaa hekaluni, mbele ya sanamu ya mungu mlinzi wa kazi yetu. Wanawake hawaingii ukumbini, kwa hiyo nilisema maneno yangu nikiwa nyuma ya mlango wa pembeni. Nilieleza nilichokiona. Bakuli likawekwa mezani, na kile kito, na ule utando. Mzee Tang, mwenyekiti wetu, aliushika utando kwa kucha mbili kama mtu aliyeshika mende.

Mirak hakukana. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Ndiyo, nimeweka mimi," alisema. "Nimeweka chini ya kila kimoja. Kwetu hakuna fundi asiyeweka. Jiwe bila utando ni kipofu. Tajiri anajua, mteja anajua, kila mtu anajua. Si kuficha. Ni kazi."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mtu akasema, "Na kwenu mwizi anaitwaje, balozi?"

"Fungueni lile bakuli la zamani!" alipaza sauti. "La Bwana Xiang. Fungueni kito kimoja tu. Mtakuta utando. Kama hakuna, nikateni mikono."

Mzee Tang alimgeukia kaka. Na kaka akasimama, taratibu, akasema kwa unyenyekevu wote duniani: "Bakuli lile si langu. Nimekabidhiwa. Wazee wangu wanataka nivunje amana ya mteja ili mwizi apate kupumua?"

"Hapana, hapana," walisema wote. Mimi pia, nyuma ya mlango, nilisema hapana.

Wamemvunjia vifaa vyake. Hawakuvunja kwa ukatili, walivunja kwa utaratibu, kimoja kimoja juu ya jiwe la kizingiti. Lenzi iligoma, ikabidi wapige mara mbili. Atakaa msikitini chini ya ulinzi wa imamu mpaka mdhamini wake aamue la kufanya na hati. Mdhamini wake ni kaka, na kaka amesema atafikiri.

Mirak alipopita karibu na mlango wangu alikuwa anatazama kito changu kilichokuwa bado mezani, si mimi.

Tarehe 21

Nimetulia. Haki imetendeka.

Tarehe 22

Mvua. Nimejaribu kuendelea na kazi. Nimeweka yakuti ya ishirini bila utando, kama mtu mwaminifu. Imekaa vizuri sana na haionekani kabisa. Ukiiweka karibu na zile za kwake ni kama jino lililooza.

Tarehe 24

Nayaandika kama yalivyosemwa.

Asubuhi kaka kaja kibandani, kaona ile ya ishirini, kaguna. "Hii itoe," alisema. Akatoa kifurushi mfukoni, akakifungua mezani. Utando wa fedha, mwekundu, karatasi nzima nzima, amezikunja kama leso.

"Weka hizi chini. Kama alivyofanya yule."

Nilidhani ananijaribu. "Kaka, si tumemfukuza mtu kwa hizi?"

"Tumemfukuza. Sasa weka."

"Ulisema ni wizi."

"Sikusema mimi. Ulisema wewe, nyuma ya mlango, sauti ikasikika mpaka barabarani." Akavuta kiti akakaa, akiwa na furaha kabisa, kama tuko kwenye chai. "Shouzhen, bila utando yakuti haing'ari. Si ya huyu tu. Lile la zamani limewekewa utando kila ua. Nililifungua kito kimoja mwezi wa kwanza, kabla Mirak hajaanza kazi. Nilitaka kujua ninanunua nini."

Niliuliza: "Ulijua? Aliposema tufungue, ulijua?"

"Ningekosaje kujua?"

"Kwa nini, kaka?"

"Fikiria kidogo. Duka la Lu lilikuwa linamtaka. Duka la Yao lilimtumia keki na mvinyo. Mvinyo, kwa Mwislamu, wajinga wale. Angeondoka kwa heshima, mwaka ujao wangemwita wote, na kila kibanda cha mtaa huu kingekuwa na dhahabu ya Hindustani. Lakini mwizi hakuna anayemkaribisha nyumbani kwake amfundishe. Sasa kazi hii inajulikana na mikono miwili tu Suzhou nzima." Akanigusa mkono. "Hii. Na iko nyumbani kwangu."

Nilimwondoa mkono. Aliinuka, akasema supu itapoa, akatoka.

Mjinga mimi! Hakunidanganya hata neno moja. Alinionyesha mawe mawili yenye rangi tofauti akaniachia mengine nimalizie mwenyewe, na mimi nikamaliza kwa bidii, kwa chuki ya kunyimwa siri ya siku ya mwisho. Nilikuwa na wivu. Hebu niandike neno lenyewe: wivu. Kaka yangu ananijua kuliko ninavyojijua, na ameninunua kwa bei ya kushikwa bega mara moja.

Tarehe 25

Mvua. Sikwenda kibandani.

Tarehe 26

Sikwenda.

Tarehe 27

Qiaoyun kaja na uji. "Wifi, mume wangu anasema kama unaumwa aite tabibu, na kama huumwi alete kamba akuburute."

"Mwambie mikono yangu inaumwa."

"Yote miwili?"

"Yote miwili. Na mwambie haitapona mpaka ile hati ya Mirak itoke kashani mwake, na aende chamani akaseme kweli."

Alikaa kitandani kwangu. Nilidhani atacheka. "Kweli hatasema," alisema mwisho. "Unamjua. Omba hati tu."

Mwezi wa sita, tarehe 1

Tumebishana siku nzima, mimi na kaka, kupitia mlangoni. Alinikumbusha nani alinipokea nilipofiwa na mume. Nikamkumbusha vito viwili kwenye supu. Alisema atanirudisha kwa wakwe zangu. Nikamwambia awape na bakuli, wamalizie wao. Amebakiwa na siku tisa kabla Bwana Xiang hajatuma mtu, na Mirak amebakiwa na siku hizo hizo kabla mashua za Yarkand hazijaondoka.

Jioni alikubali. Atatoa hati pamoja na barua ya mdhamini, imepigwa muhuri wa chama, ili Mirak apite malango. Jina lake kusafishwa, hapana, katu. Mimi nimalize yakuti zote kwanza.

Nimekubali. Jina atalisafisha mke wake, nilijisemea. Afike tu nyumbani.

Tarehe 2 hadi 7

Nashika vito. Dhahabu, dhahabu, dhahabu. Kila kito naweka utando wa kaka chini yake, na hakuna anayenipa mgongo.

Utando wake ni mwekundu mmoja tu. Wa Mirak sasa nauona ulikuwa tofauti kidogo kila kito, mwingine umeelekea chungwa, mwingine zambarau, kulingana na jiwe. Za kwangu zinang'ara, lakini zinang'ara zote sawa, kama askari. Alijuaje upi wa jiwe lipi? Sijui. Ilikuwa ya siku ya mwisho.

Tarehe 8

Nimemaliza. Kaka kanipa bahasha, imefungwa kwa muhuri mwekundu wa chama. "Usiifungue. Ukivunja muhuri njiani haina kazi."

Tarehe 9

Mvua imekatika leo, ghafla, na jua limetoka kali mpaka barabara zinafuka mvuke. Nilikwenda msikitini nikasubiri uani. Imamu alinipa kigoda. Mirak alitoka amekonda, ndevu hazijachanwa. Nilimpa bahasha kwa mikono miwili. Yeye maandishi yetu hayajui, akampa imamu asome.

Imamu alisoma kwanza kimya, akanitazama, halafu akasoma kwa sauti. Hati ilikuwemo. Barua ya mdhamini ilikuwemo. Na karatasi ya tatu ilisema kwamba yeye, Mirak wa Lahore, anakiri kubadilisha rangi ya vito vya mteja kwa hila ya utando, anaomba radhi kwa chama cha mafundi wa jade, na kwamba hati ya safari itafaa tu akitia dole gumba hapo chini na karatasi hii ikabaki chamani.

"Sikujua," nilisema. "Wallahi sikujua." Nimejifunza neno hilo kwake.

Mirak aliinyosha ile karatasi juu ya goti. "Mashua zinaondoka kesho?"

"Kesho asubuhi," alisema imamu. "Lakini si lazima utie. Tunaweza kungoja mwaka mmoja, tukaandika malalamiko."

"Mke wangu hajui kusoma maandishi yenu," alisema Mirak, akaomba wino.

Alitia dole. Alilibonyeza kwa uangalifu, kama anavyofanya kila kitu. Nilipiga magoti pale pale uani, nikaanza kusema kwamba ni mimi, kwamba si kaka aliyefungua kito.

"Najua ni wewe."

"Nani kakuambia?"

"Kito chenyewe. Pale hekaluni kilikuwa mezani. Dhahabu imeinuliwa kuzunguka yote, jade haina hata mkwaruzo. Mji huu mzima mikono inayoweza kufanya vile ni minne tu, na miwili ilikuwa inaswali." Alipangusa wino kwenye kidole. "Unajua nilifurahi? Kabla ya yote. Nilisema moyoni, huyu amehitimu. Halafu ndipo nikaelewa ninatazama nini."

"Nisamehe, fundi."

"Ungeniuliza."

"Ulisema siku ya mwisho."

"Nilisema. Lakini ungeniuliza, dada Gu. Ungekuja na hilo jiwe mkononi, umekasirika, unanitukana, ningekueleza yote siku hiyo hiyo."

Nilimuuliza, kwa aibu, kuhusu rangi za utando, anachaguaje. Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani nilitaka anipe kitu, hata tusi.

Alinitazama kwa upole kabisa. "Hapana," alisema. "Hiyo naondoka nayo."

Tarehe 10

Wameondoka. Sikwenda kuaga.

Tarehe 12

Karatasi ya Mirak imebandikwa ukuta wa hekalu, na dole lake jekundu. Watu wanasimama kuisoma wakila mbegu za tikiti.

Tarehe 13

Nimekwenda mchana watu wakiwa wengi. Nimebandika karatasi yangu chini ya yake: *Bakuli la zamani la Hindustani lina utando chini ya kila kito. Kaka yangu Gu Bohai alijua. Mimi nilimsingizia fundi mwaminifu. Gu Shouzhen, kwa mkono wangu.*

Tarehe 14

Imebanduliwa. Nimebandika nyingine.

Tarehe 15

Imebanduliwa. Nimebandika nyingine. Kaka kanipiga kofi mbele ya mafundi. Kaambia watu kwamba ujane umenipanda kichwani. Fundi mmoja wa duka la Lu kaniuliza, kwa huruma, kama nilikuwa nimempenda yule ndevu. Hicho ndicho wanachoweza kuelewa.

Tarehe 16

Nyingine.

Tarehe 18

Bwana Xiang kalipokea bakuli. Anasema haoni tofauti na la zamani. Maagizo manne mapya yameingia. Kaka kanunua bata wawili.

Tarehe 20

Leo Mzee Tang mwenyewe kaja nyumbani. Kaomba tuzungumze, mimi na yeye tu. Alikaa, akanywa chai, akasema hapati usingizi kwa sababu ya karatasi zangu. Jana alikwenda nyumbani kwa dada yake, ambaye ana kikombe kidogo cha Hindustani alichorithi, akafungua kito kimoja kwa kisu cha jikoni.

"Upo," alisema. "Utando. Wa kijani, chini ya zumaridi."

Nilishika ukingo wa meza. Nilianza kulia kabla hajamaliza. "Basi mtaandika? Mtatuma barua Yarkand? Wako njiani bado, mjumbe wa farasi anawafikia!"

"Nimefanya bora zaidi," alisema. "Nimezibandua zote. Yake na zako. Nimechoma. Na kwenye daftari la chama nimefuta shauri lote na jina lake, tangu siku alipofika. Nimeona vibanda vitatu vimeshaanza kuweka utando, kila mtu ataweka, haitafaa iitwe wizi. Tutaiita kazi ya Suzhou." Alinitabasamia, mzee wa watu, anadhani kanifanyia hisani. "Hakuna atakayemwita mwizi tena, binti yangu. Uwe na amani."

"Na fundi? Nani atamwita fundi?"

"Fundi gani?" alisema Mzee Tang, akainua kikombe nimwongeze chai.